"Pepe", "Dhahania" na "Mpangaji": Istilahi ya Kompyuta Iliyo Ndani ya Kompyuta na Ushahidi wa Mahakamani

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza aina ya kompyuta ambayo haina umbo lake yenyewe, bali huishi ndani ya kompyuta nyingine, na kuonyesha matatizo inayowaletea wachunguzi wa makosa ya jinai. Pili, yanakusudia kupima maneno ambayo Kiswahili kimekwisha kuyatumia, au kinaweza kuyatumia, kuitaja kompyuta hiyo.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha. Jibu ni kwamba ushahidi wa kompyuta haufiki mbele ya hakimu peke yake. Hufika kwa maneno. Nchini Kenya, sheria za mwenendo wa kesi zinaziruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, na kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumika. Nchini Tanzania, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno atakalolichagua mkalimani, au hakimu anayeandika hukumu, si pambo. Laweza kuwa ndilo linaloamua kama mshtakiwa amefahamu anachoshtakiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao tutaurudia mara kwa mara. Hapo Kibarani, ukishavuka Makupa kuelekea Changamwe, pana afisi ndogo ya mawakala wa forodha wanaotoa mizigo katika bandari ya Kilindini. Karani wao ashtakiwa kwamba alighushi ankara. Polisi wameichukua kompyuta ya afisi, wameipekua, na hawakuona hata ankara moja ya kughushi. Mtaalamu wa serikali aeleza kwamba ankara zilitengenezwa katika kompyuta nyingine iliyokuwamo ndani ya hiyo iliyochukuliwa, nayo imekwisha kufutwa. Aitaja kwa jina lake la Kiingereza. Mkalimani asita kidogo, kisha asema: "mashine pepe". Karani, ambaye neno hilo alijua kwa barua pepe tu, afahamu kwamba anashtakiwa kwa barua alizopeleka. Mamake, aliyeketi nyuma na ambaye amepepeta mpunga tangu utotoni, asikia kwamba mashine ilikuwa tupu, haina kitu ndani. Mtu wa tatu adhani kwamba mashine yenyewe haikuwako. Watu watatu wamesikia mambo matatu, na hakuna hata mmoja aliyesikia alichokisema mtaalamu.

2. Kompyuta ndani ya kompyuta

Kompyuta ya kawaida ina maunzi, yaani vile vitu vinavyoshikika: prosesa inayopiga hesabu, kumbukumbu ya muda, diski ya kuhifadhia, na kadi ya kuiunganisha na mtandao. Juu ya maunzi hayo hukaa mfumo endeshi, ambao huyagawa kwa programu mbalimbali. Katika hali hii kompyuta ni moja na mfumo endeshi ni mmoja.

Lakini yawezekana kuweka, baina ya maunzi na mfumo endeshi, programu ambayo kazi yake ni kugawa. Programu hiyo, ambayo hapa tutaiita programu mwenyeji, huutengea mfumo endeshi wa pili sehemu ya prosesa na sehemu ya kumbukumbu. Kisha huupa faili moja kubwa na kuufanya uione faili hiyo kuwa diski kamili. Mfumo huo wa pili hufanya kazi kana kwamba umepewa kompyuta nzima. Una saa yake, nywila zake, faili zake na anwani yake katika mtandao. Mtumiaji aliyeketi mbele yake aghalabu hawezi kutambua tofauti. Na kompyuta moja yenye nguvu yaweza kubeba kompyuta za namna hii makumi kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa haijui habari za jirani yake.

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi katika kituo chake cha Cambridge, Massachusetts, katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wa VM/370 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti ambayo programu mwenyeji haina budi kuyatimiza: programu zinazoendeshwa ndani yake ziende kama zinavyokwenda katika mashine ya kawaida, ugawaji wa maunzi ubaki mikononi mwa programu mwenyeji, na sehemu kubwa ya kazi ifanywe na prosesa yenyewe bila ya kuingiliwa. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta programu ya namna hiyo kwa kompyuta za mezani, na mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kuwakodisha watu kompyuta za aina hii kupitia mtandao. Leo, huduma nyingi tunazoziita za "wingu" ni kompyuta zilizo ndani ya kompyuta, katika majengo ambayo wateja wake hawajapata kuyaona.

Yafaa tukazie jambo moja, kwani hoja yetu yote inalitegemea. Katika masharti ya Popek na Goldberg hamna neno lolote linalosema kwamba mashine hiyo haipo, au ni ya kufikirika tu. Hesabu zinapigwa kweli, na prosesa ya kweli. Maandishi yanaandikwa kweli, katika diski ya kweli. Kinachokosekana ni umbo la peke yake. Kompyuta hiyo ipo, lakini ipo kwa kutegemea nyingine.

3. Matatizo ya mchunguzi

Uchunguzi wa kisayansi wa vyombo vya kidijitali ulikua juu ya kanuni chache. Mchunguzi hukichukua chombo, hunakili diski yake yote hadi chembe ya mwisho bila kuigusa asili, kisha hupiga hesabu inayotoa alama ya utambulisho wa nakala hiyo. Kwa njia iitwayo SHA-256, alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata herufi moja ndani ya diski, alama nayo hubadilika. Kwa namna hiyo mahakama huhakikishiwa kwamba kilichochunguzwa ndicho kilichochukuliwa. Kanuni hizi zachukulia kwamba kompyuta ni kitu kimoja kilichopo mahali pamoja. Kompyuta iliyo ndani ya nyingine yaziyumbisha kwa njia nne.

Ya kwanza ni kwamba kompyuta nzima imekuwa faili. Chombo ambacho zamani kilihitaji mkokoteni sasa chaweza kunakiliwa katika kijiti cha kumbukumbu na kutiwa mfukoni, kufungwa kwa nywila, au kufutwa kwa amri moja. Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2020, wakati wahalifu waliotumia programu ya utekaji data iitwayo Ragnar Locker walipoingiza katika kompyuta za waathiriwa wao kompyuta nzima ya ndani, kwa kutumia VirtualBox, programu halali ipatikanayo bure. Kampuni ya usalama ya Sophos ilieleza kwamba diski ya kompyuta hiyo ya ndani ilikuwa ya megabaiti 282, na programu ya uhalifu iliyofichwa humo ilikuwa ya kilobaiti 49 tu. Programu za ulinzi zilizokuwa nje hazikuweza kuona yaliyokuwa yakitendeka ndani.

Ya pili ni uwezo wa kurudi nyuma. Programu mwenyeji yaweza kuhifadhi hali ya kompyuta ya ndani katika saa fulani, na baadaye kuirudisha katika hali hiyo. Karani wetu wa Kibarani angeweza kuihifadhi hali hiyo saa mbili asubuhi, akatenda alilotenda mchana kutwa, kisha jioni akairudisha katika hali yake ya asubuhi. Kwa yule aliye ndani, mchana ule haukupata kuwako.

Ya tatu ni kutoaminika kwa alama za utambulisho. Saa ya kompyuta ya ndani yaweza kutofautiana na ya nje. Anwani ya kadi yake ya mtandao haikuchapwa kiwandani, bali imebuniwa na programu. Zile za VirtualBox, kwa kawaida, huanza kwa 08:00:27. Isitoshe, kompyuta ya ndani ikinakiliwa jinsi ilivyo, huwa pana mbili zenye alama zile zile, na swali la "ni ipi iliyotenda" huwa gumu.

Ya nne ni ujirani na umbali. Mombasa ndipo nyaya kubwa za chini ya bahari, kama vile SEACOM na TEAMS za mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, zinapotua nchini. Kwa nyaya hizo, afisi ya Kibarani yaweza kukodi kompyuta ya ndani iliyo katika bara jingine. Polisi wa Mombasa hawawezi kwenda kuichukua seva hiyo. Na lau wangeweza, wangechukua pamoja nayo mali ya wapangaji wengine wasiohusika. Huwabidi waombe msaada wa mwenye seva na wa nchi nyingine, na wakati wakiomba, kompyuta yenyewe yaweza kufutwa.

Kwa haki, tuseme pia kwamba kompyuta hizi humsaidia mchunguzi. Ile iliyosimamishwa bila kuzimwa huacha faili yenye kumbukumbu yake ya muda, pamoja na nywila na mazungumzo ambayo katika kompyuta ya kawaida yangalipotea umeme ulipokatwa. Fauka ya hayo, kufutwa si lazima kuwe kutoweka. Wenyeji wa Kibarani wanalijua jambo hili kwa mfano wa jaa la taka lililokuwa hapo miaka mingi: lilifungwa, pakapandwa miti, lakini mwenye kuchimba atakuta vilivyozikwa. Katika diski nyingi faili iliyofutwa hubaki hadi mahali pake paandikwe kitu kingine, ingawa diski za kisasa zisizo na sahani za kuzunguka mara nyingi husafisha mahali hapo upesi. Zaidi ya hayo, programu mwenyeji huweka daftari la matukio: kompyuta ipi iliwashwa, lini, na kwa faili ipi. Basi katika kesi ya karani wetu, ushahidi muhimu huenda haumo katika kompyuta ya ndani iliyofutwa, bali umo katika ile ya nje iliyoibeba.

Sheria ya Kenya haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichoingizwa mwaka 2009, kinataka hati itakayothibitisha jinsi kumbukumbu ya kielektroniki ilivyotolewa. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, kinakataza ushahidi wa kidijitali kukataliwa kwa sababu tu si wa asili, lakini kinaitaka mahakama ipime jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na jinsi mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Uzito wa maswali haya ulionekana wazi katika kesi za uchaguzi wa urais. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ifungue seva zake zikaguliwe, amri haikutimizwa ipasavyo, na jambo hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyoielemea tume pale uchaguzi ulipobatilishwa tarehe 1 Septemba. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo iliagiza tena ukaguzi wa seva chini ya usimamizi. Na katika uamuzi wake ilisema kwamba baadhi ya kumbukumbu za seva zilizowasilishwa na walalamishi ama zilikuwa za uchaguzi wa 2017 ama zilikuwa za kughushi. Swali halikuwa kama maandishi yapo. Swali lilikuwa yametoka katika mashine gani.

4. Maneno yaliyopo

Tukirudi sasa kwenye lugha, tunaona kwamba swali hilo la mahakama ndilo kipimo cha istilahi. Neno linalofaa ni lile linalomwelekeza msikilizaji aulize: kompyuta hii imekaa ndani ya ipi? Neno linalomfanya aulize "je, ipo au haipo?" limempoteza.

"Pepe". Neno hili limeenea kwa sababu ya barua pepe, ambako lina maana ya "-a kielektroniki". Wako pia walitumialo kwa maana ya kitu kisicho na umbo halisi, na kwa njia hiyo ndipo ilipozuka mashine pepe. Hapa pana kasoro mbili. Kwanza, neno moja linabebeshwa dhana mbili katika uwanja ule ule, jambo ambalo kanuni za uundaji wa istilahi hulikataa: kila kompyuta ni ya kielektroniki, lakini si kila kompyuta imo ndani ya nyingine. Pili, pepe kwa mkulima ni punje isiyo na kiini, inayopeperuka ungo unapopungwa. Wakili hodari hatashindwa kuuliza vipi mteja wake afungwe kwa ushahidi wa pepe.

"Dhahania". Sisi walimu wa sarufi tunalijua neno hili kwa nomino dhahania: wema, uzuri, utu. Ni vitu tunavyovifikiri bila kuvigusa. Kuiita kompyuta hii mashine dhahania ni kusema kwamba imo akilini mwa watu, ilhali faili yake inapimika kwa megabaiti.

"Bandia" na "ya mwigo". Maneno haya yana hatari nyingine. Katika shtaka la kughushi, kukiita chombo cha karani kompyuta bandia ni kumhukumu kabla ya kusikilizwa. Kuwa na kompyuta ndani ya kompyuta si kosa. Ndivyo yafanyavyo mabenki, vyuo vikuu, na wachunguzi wenyewe. Ugumu wa namna hii tumeuona katika mjadala wa akili bandia, akili unde na akili mnemba, ambapo wengi walilikimbia neno bandia kwa sababu ya harufu yake ya udanganyifu.

"Kivuli". Neno hili lina heshima kiasi, kwa mfano wa waziri kivuli. Lakini waziri kivuli hufuata wizara asiyoiendesha, hali kompyuta yetu yaendesha kazi yake yenyewe. Tena kivuli hakishiki kitu, na hii imeshika ankara.

5. Nyumba bila ardhi: pendekezo

Mombasa ina desturi ya umiliki ambayo yaweza kutuonyesha njia. Katika mitaa mingi ya Mombasa, kisiwani na bara, mtu hujenga nyumba yake juu ya ardhi isiyo yake, na humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Hii ndiyo iitwayo nyumba bila ardhi. Kuta ni zake, paa ni lake, mlango na kufuli ni vyake; aweza kuirithisha na hata kuiuza. Ardhi ni ya mwingine. Hakuna mtu wa Mombasa atakayesema kwamba nyumba hiyo ni pepe, au ya dhahania, au bandia. Ni nyumba, watu wamezaliwa humo na kufa humo. Lakini kila mtu ajua kwamba ukitaka habari zake kamili yakupasa kuuliza maswali mawili: nyumba ni ya nani, na ardhi ni ya nani.

Hayo mawili ndiyo maswali ya mchunguzi. Kwa hiyo twapendekeza jozi ya istilahi: kompyuta mwenyeji kwa ile yenye maunzi, na kompyuta mpangaji kwa ile iliyo ndani yake.

Kwa upande wa sarufi, jozi hii haina ugeni. Tunasema nchi mwenyeji na nchi mwanachama, na katika wingi nchi wanachama. Basi na tuseme kompyuta mpangaji, kompyuta wapangaji. Upatanisho hufuata nomino ya kwanza: kompyuta mpangaji imefutwa, kompyuta wapangaji zimehamishwa. Kwa upande wa uzao, kitenzi kupanga na vinyambuliwa vyake vyatupa mpangishaji, yaani kampuni ikodishayo kompyuta hizo katika huduma za wingu. Mkalimani aweza kusema kwamba "mpangishaji alitakiwa ahifadhi faili za mpangaji", na mama wa karani akafahamu bila ya maelezo zaidi.

Pingamizi mbili zatazamiwa. Ya kwanza ni kwamba wenye mwenyeji watauliza mbona kinyume chake kisiwe mgeni, kama wafanyavyo mafundi kwa Kiingereza. Sisi twaona kwamba mgeni hukaa kwa muda, na kwamba mzizi -geni hubeba maana ya kitu kisichojulikana. Kompyuta mgeni mahakamani ingesikika kama kompyuta iliyojipenyeza bila ruhusa, na huko ndiko kuhukumu kabla ya wakati tulikokwisha kukukataa. Ya pili ni kwamba mpangaji ni pia yule apangaye vitu au mipango. Pingamizi hili ni la kweli. Hata hivyo, pale neno litakapofuatana na mwenyeji, utata wake hupungua sana. Na utata wa maana mbili zisizodhuru ni nafuu kuliko uwazi wa neno linalosema uongo.

6. Hitimisho

Tumeeleza kwamba kompyuta iliyo ndani ya kompyuta ni kitu halisi kinachotegemea kingine. Kwamba ugumu wa kuichunguza watokana na utegemezi huo, wala si kwa sababu haipo. Na kwamba maneno pepe, dhahania, bandia na kivuli yanauficha utegemezi huo kwa kuukana uhalisi. Hatudai kwamba mpangaji ndilo neno la mwisho. Wenye mabaraza na kamusi watalipima, na wasemaji watalipokea au watalitupa.

Tunalodai ni kwamba upimaji huo usifanywe vitabuni peke yake. Orodha za istilahi aghalabu hutungwa kwa kutazama neno la Kiingereza na kulitafutia mwenzake. Twashauri orodha ya istilahi za ushahidi wa kidijitali itungwe kwa kukaa pamoja na wakalimani wa mahakama, na kila neno lijaribiwe kwa swali moja: mshtakiwa akilisikia kizimbani, ataweza kumwambia wakili wake ni wapi pa kwenda kutafuta ushahidi wa kumtetea? Karani wetu wa Kibarani, akiambiwa kwamba ankara zilikuwa katika mashine pepe, hana la kujibu. Akiambiwa zilikuwa katika kompyuta mpangaji, aweza kuuliza daftari la mwenyeji liko wapi, na nani mwingine alikuwa na ufunguo.